Kabla ya Rangi, Pindua Kwanza

Aliye jikoni apunguze moto kidogo, aliye dukani asogeze redio karibu, maana mazungumzo ya leo hayataki pesa nyingi. Yanataka macho na mikono.

Ni mazungumzo ya fanicha kuukuu. Ile meza iliyosukumwa nyuma ya jiko mpaka kuku wakaifanya kiota. Kile kiti chenye mguu unaoyumba, ambacho mgeni akibisha hodi watoto hukimbilia kukiondoa asije akakikalia. Kile kitanda cha marehemu babu kilichoegemezwa kwenye mwembe, kamba zimekatika, mbuzi anajikunia ubavu. Je, vitu hivi vimekwisha kweli? Au wenye navyo ndio waliovikatia tamaa mapema?

Neno la leo ni moja, na litarudiwa mpaka litukae kichwani: pindua. Kabla ya kununua rangi, kabla ya kumwita fundi, kabla hata ya kusema "hii ni kuni", pindua kiti hicho miguu iangalie juu.

Kwa nini kupindua? Kwa sababu uso wa meza hudanganya. Juu kuna vanishi iliyobabuka, alama ya sufuria ya moto, miduara ya vikombe vya chai, na pale mtoto alipoandika jina lake kwa msumari. Ukitazama juu utasema imekwisha. Chini ndiko kwenye habari kamili. Huko mbao haikupakwa kitu. Rangi yake ya asili inaonekana, na uzito wake unaujua mara tu unapoinyanyua. Mvule utauona kwa hudhurungi yake ya dhahabu. Mbambakofi ni mwekundu mwekundu, mzito, na mkaidi kwa msumari. Mnazi hujitangaza wenyewe kwa vidoadoa vyeusi, kwa sababu mnazi haukui kwa miviringo ya kila mwaka kama miti mingine. Ugumu wake wote uko upande wa nje, na kiini chake ni laini kama kifuu kibichi.

Na ukikuta chini si mbao ya mti bali ni vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, likafunikwa kijikaratasi chenye picha ya mbao? Hapo itazame miguu na kingo. Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi, na mbao za aina hiyo zikinyonya maji huvimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Zikishavimba hazirudi. Hilo tuliseme wazi mapema: si kila kitu kinafaa kuokolewa, na anayelipaka rangi kabati lililovimba anaivika maiti kanzu ya harusi.

Tumepindua. Sasa tikisa. Kiungo gani kinalia? Tazama pia vitundu vidogo vidogo, vya mviringo, kama vya sindano. Hiyo ni kazi ya bungua. Lakini vitundu pekee havisemi kama mdudu bado yumo au alihama zamani, kabla hata ya corona. Kuna namna rahisi ya kujua. Tandaza karatasi nyeupe chini ya kiti jioni, kiache usiku kucha, asubuhi itazame. Ukikuta unga laini umedondoka, wenyewe wamo ndani na wanakula. Karatasi ikiwa safi siku tatu nne mfululizo, kuna matumaini walishaondoka. Walio ndani hutiwa dawa ya wadudu tundu kwa tundu, kwa brashi ndogo au kwa bomba kuukuu la sindano lisilo na sindano, kisha kiti kinafungwa kwenye karatasi ya nailoni kwa siku kadhaa ili dawa ifanye kazi. Kupaka rangi juu ya bungua walio hai ni kuwajengea paa.

Basi, kwa msikilizaji aliyejiunga sasa hivi: tunazungumzia fanicha kuukuu, na tumesema pindua kwanza.

Tuje kwenye kitanda cha kamba, na hapa tukae kidogo, kwa sababu kitanda hiki ndicho mwalimu wa somo zima. Siku hizi watu husikia habari za kuhuisha fanicha wakadhani ni mtindo ulioletwa na wageni wenye majumba ya ufukweni Diani. Hapana. Kitanda cha kamba kilibuniwa tangu mwanzo kiwe kitu cha kufanywa upya. Kina matendegu manne. Kina mifumbati miwili, hizo ndizo mbao ndefu za ubavuni. Kina vitakizo viwili, kimoja upande wa mchago, kingine upande wa miguu. Ndimi za mbao huingia kwenye matundu ya matendegu na kukaza. Halafu kiunzi kinawambwa kwa kamba, na ile kamba ikivutwa ndiyo inayoshika kila kitu pamoja. Kadiri unavyoiwamba vizuri ndivyo viungo navyo vinavyokaza.

Maana yake nini? Maana yake kamba zikioza, kitanda hakijafa. Zinakatwa, kiunzi kinapanguswa, kinawambwa upya, na mjukuu analala palepale alipolala babu yake. Tendegu moja likivunjika, fundi analikereza jingine. Hata wakubwa wa miji ya Waswahili waliishi hivyo. Kiti cha enzi, kile kiti kirefu cha heshima kinachoonekana leo katika jumba la makumbusho la Lamu, chenye vipande vya mifupa au pembe vilivyopachikwa kwenye mbao, kilisukwa kamba nyembamba mahali pa kukalia na mgongoni. Kamba hizo nazo zilichakaa, zikabadilishwa. Utajiri ulikuwa kwenye kiunzi.

Kazi yenyewe ya kuwamba ni ya watu wawili. Kamba nzuri ya zamani ilitoka kwenye makumbi ya nazi yaliyofukiwa kwenye tope la ufukweni kwa miezi kadhaa, yakafukuliwa, yakapondwa, yakasokotwa kwa viganja. Wengine walitumia ukindu, wengine miyaa. Leo wengi wanatumia nailoni, na si dhambi. Nailoni haiozi upesi, ila inateleza, kwa hiyo fundo lake lifungwe mara mbili. Kamba ya makumbi hulowekwa kwanza ili ilainike. Mmoja anaipitisha kutoka mfumbati hadi mfumbati, mwenzake anakanyaga kiunzi na kuivuta mpaka mishipa ya shingo imtoke. Ikikaa sawa, ipige kidole: italia. Na baada ya wiki moja ya kulaliwa italegea, ndivyo ilivyo, basi inakazwa tena. Asiyejua hilo husema fundi kamwibia.

Kitanda kama hicho si lazima kirudi chumbani. Nyumba nyingi za wageni za Pwani hukiweka barazani, zikakiwekea godoro jembamba na mito miwili mitatu, kikawa mahali pa kupunga upepo wa alasiri. Mito hiyo inahitaji kitambaa cha bei? Leso iliyopauka upande mmoja bado ni nzima upande wa pili. Kikoi kilichochanika pindoni kinatoa foronya mbili. Ushauri mmoja tu, na hapa kipindi hiki hakirudi nyuma: matendegu yaliyokerezwa yasipakwe rangi nzito ya mafuta. Fundi wa zamani alizitoa zile pete na vishingo kwa mkono. Rangi nzito ikijaa mle, kazi yake yote inafutika. Msasa mwepesi na mafuta ya mbao vinatosha.

Haya, tutoke kwa babu, twende hotelini.

Pwani ya kusini ina kitu ambacho si kila kaunti inacho. Hoteli ikifanya ukarabati, vitu hutoka kwa mkupuo: makabati kumi na mawili yanayofanana, viti ishirini vya mgahawa, meza za kando ya kitanda zisizo na idadi. Na hoteli ikifunga, hutoka zaidi. Wakazi wa Diani na Ukunda wanaikumbuka misimu hiyo: 1997 baada ya ghasia za Likoni, na 2020 wakati ndege za abiria kutoka nje zilipozuiwa kuanzia mwisho wa Machi hadi Agosti. Utalii ukipiga chafya, pwani yote inashikwa na mafua, lakini kando ya shida hiyo kuna fanicha inayohama kutoka vyumba vya watalii kwenda sebule za Gombato na Bongwe.

Fanicha ya hoteli ina sifa zake. Ni imara, kwa sababu ilitengenezwa ikaliwe na mtu mpya kila wiki. Lakini ni baridi. Makabati kumi na mawili, sura moja, hudhurungi moja. Mtu akilipeleka nyumbani linakaa pale kama askari aliyesahaulika zamuni. Hapa ndipo ubunifu unapohitajika.

Chukua kabati la nguo la aina hiyo. Milango yake mara nyingi ni fremu ya mbao ngumu yenye plaiwudi katikati, na plaiwudi ndiyo ya kwanza kuharibika, inavimba na kufunguka tabaka kama kurasa za kitabu kilicholowa. Wengi huona plaiwudi hiyo wakalitupa kabati zima. Sasa pindua mlango. Nyuma utaona vijiti vyembamba vilivyopigiliwa kuishika ile plaiwudi. Ving'oe taratibu kwa bisibisi bapa, plaiwudi itatoka nzima nzima, na mkononi utabaki na fremu tupu, kama dirisha.

Utaliziba kwa nini? Kwa ukili. Kina mama wa Kwale wanasuka mikeka na vikapu vya miyaa tangu enzi na enzi; chane zinatiwa rangi, zinasukwa ukili mrefu, ukili unashonwa ukawa mkeka. Kipande cha mkeka, au ukili uliopangwa kwa wima ukashonwa, kinakatwa kizidi fremu kwa vidole viwili kila upande. Kinyunyizie maji kidogo, kivutwe, kishikwe kwa vijipini vidogo vya shaba, halafu vile vijiti vya awali virudishwe juu ya kingo. Maji yakikauka mkeka unajikaza wenyewe kama ngozi ya ngoma.

Uzuri wake si wa macho tu. Mama yeyote wa Msambweni anajua nguo zilizofungiwa kabatini wakati wa masika zinavyonuka: koga. Mlango wa ukili unapitisha hewa, na koga haipendi hewa. Kwa hiyo hapo kuna mlango ulioharibika uliogeuka kuwa bora kuliko ulivyotoka kiwandani, na pesa zimekwenda kwa msukaji wa mkeka wa jirani. Wazo hilohilo linafaa kwa mgongo wa kiti, kwa ubao wa mbele wa mtoto wa meza, hata kwa kichwa cha kitanda. Mkeka mmoja mdogo unatosha kazi mbili.

Na bawaba je? Nyumba iliyo karibu na bahari ina mlaji wa pili baada ya mchwa, naye ni chumvi. Hewa ya Diani na Gazi inabeba chumvi, na chumvi hula chuma. Bawaba ya chuma cha kawaida hulia baada ya msimu mmoja, msumari huacha doa jekundu kwenye mbao, na doa hilo hupenya rangi mpya ukabaki kushangaa limetoka wapi. Ukipindua meza na kukuta vichwa vya misumari vimeshika kutu, ing'oe. Isiyong'oka izamishwe chini ya uso wa mbao, na tundu lijazwe vumbi la msasa lililochanganywa na gundi ya mbao. Mahali pake itiwe skurubu ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu. Ni ghali kidogo, ndiyo. Lakini kununua bawaba mara moja na kuinunua kila mwaka, ipi ghali?

Turudie: pindua, tikisa, tazama bungua, tazama kutu. Bado hatujagusa rangi, na nusu ya kazi imekwisha.

Mteja akifika kwa fundi kando ya barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, kabati limening'inia nje ya tuktuk, swali lake la kwanza huwa la rangi. "Fundi, kuipaka hii nyeupe wataka ngapi?" Fundi mwaminifu humjibu, "Mama, hii bado haijataka rangi. Yataka gundi kwanza." Fundi mwingine humjibu kwa bei. Msikilizaji anaweza kuamua mwenyewe amrudie yupi.

Sasa rangi. Rangi kwanza ni msimu. Kaskazi inapovuma, kati ya Desemba na Machi, hewa ni kavu na mkono wa kwanza wa rangi hukauka vizuri. Masika yakishaingia, rangi ya mafuta hubaki ikinata siku tatu, vumbi na mbu wakajipachika humo kama mapambo. Wenye haraka hutoa meza juani ikauke. Kosa. Jua la saa saba huikausha ngozi ya juu ya rangi wakati chini bado ni maji, ikatokea malengelenge. Na mbao yenyewe hupasuka. Kivuli chenye upepo ndicho kikaushio bora, na uani kwa watu mwembe huwa upo.

Kabla ya brashi kuna msasa. Meza inaoshwa kwa sabuni na maji kidogo, inakauka siku nzima, ndipo msasa. Anza na namba 80 kama vanishi ni nene, halafu 120, malizia na 220. Fuata nyuzi za mbao, usizikate. Msasa uliopigwa kwa kuzunguka huacha mikwaruzo inayojitokeza pale tu vanishi inapokauka, wakati umeshafurahi.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu jambo hili ni la afya. Rangi za zamani, hasa zile nyekundu na manjano zinazong'aa, ziliweza kuwa na madini ya risasi. Kenya sasa imeweka kikomo cha sehemu 90 kwa kila milioni, lakini kabati la zamani lilipakwa kabla ya kikomo hicho. Vumbi la rangi hiyo likiingia mwilini mwa mtoto linadhuru ubongo, na ubongo ukishadhurika hivyo haurudi ulivyokuwa. Kwa hiyo fanicha kuukuu yenye rangi usiyoijua isipigwe msasa mkavu. Lowesha uso, tumia msasa wa maji, ziba pua na mdomo kwa barakoa, watoto wakacheze kwa jirani, na yale mabaki yakusanywe kwenye karatasi, yasifagiliwe uani wanakodonoa kuku.

Mikono miwili myembamba ya rangi hushinda mmoja mnene. Na nyayo za miguu ya meza zisisahauliwe. Zile sehemu zinazokanyaga sakafu ndizo zinazonyonya maji kila nyumba inapodekiwa, na ndizo hizo zisizopakwa, kwa sababu hazionekani. Lakini si tumekwisha kupindua? Basi zi mbele ya macho.

Kuna mtindo wa rangi isiyong'aa, kama iliyopaukia, ambao unapendwa sana na wenye nyumba za wageni. Ulienea kupitia Mwingereza Annie Sloan, aliyetengeneza rangi yake ya chaki mwaka 1990. Nyumbani watu huiga kwa kuchanganya rangi ya maji na unga wa jasi, wakapaka, wakakwangua kingo ili kiti kionekane kimekula chumvi. Ni pazuri kucheka kidogo: mtu analipa kiti chake kichakazwe, na pale Msambweni bahari inafanya kazi hiyo bure. Hata hivyo mtindo wenyewe si mbaya, ila rangi hiyo inywe nta au ifunikwe vanishi isiyong'aa, la sivyo unyevu utaipukutisha kabla ya mwaka kwisha.

Wengine hawana fanicha kuukuu ya kuanzia. Wana mbao za shehena, yale majukwaa ya mbao ambayo mizigo huwekwa juu yake bandarini Mombasa, kisha zikavuka feri ya Likoni juu ya lori na kuuzwa. Zinatoa meza za kahawa na makochi ya barazani. Na zenyewe pindua! Ubavuni kuna muhuri uliochomwa. Ukiona herufi HT, mbao zilitibiwa kwa joto, chukua. Ukiona MB, zilifukizwa kwa methili bromaidi, ambayo ni gesi ya sumu. Hizo zisiingie ndani ya nyumba, wala zisiwe kuni.

Bado kuna mbao moja ambayo kila mwenye kupenda fanicha ya Pwani huiulizia: mbao ya chombo. Jahazi au mashua ikizeeka, ikavutwa mchangani isirudi tena majini, mbao na mataruma yake huwa na rangi ya miaka mingi, buluu juu ya nyeupe juu ya kijani, na matundu ya misumari yenye weusi wa kutu kuzunguka. Mafundi huzigeuza kuwa fremu za vioo, vichwa vya vitanda, meza ndefu. Zinapendeza, hakuna ubishi. Lakini chumvi iliyomo ndani ya mbao huvuta unyevu, kwa hiyo mbao hizo ziachwe zioshwe na mvua za masika, au zimwagiwe maji baridi mara nyingi, kisha zikauke polepole kabla ya kupigwa randa. Na zile za chini, zilizokuwa zikikaa majini, zisiwe meza ya kulia chakula. Wazee walipaka sifa na shahamu, lakini vyombo vya karibuni hupakwa rangi zenye sumu ya kuzuia chaza na mwani. Zifanye fremu ya kioo, sahani ziweke kwingine.

Chombo kilichogeuzwa fanicha kimezoeleka. Kuna na takataka iliyogeuzwa chombo. Kule Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda Flipflopi, dau lenye urefu wa mita tisa hivi, kwa plastiki iliyookotwa, wakalifunika kwa vipande vya malapa vya rangi zote. Lilishushwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Mafundi wale waliichonga plastiki kwa shoka na tezo, namna ileile wanavyochonga mbao, na baadaye kazi hiyo ikazaa fanicha ya plastiki iliyoyeyushwa. Ukisikia hivyo, ile ndoo ya malapa yasiyo na wenzake inayookotwa kila asubuhi ufukweni Diani unaitazama kwa jicho jingine. Malapa yaliyokatwa miduara midogo yakagundishwa chini ya miguu ya meza huzuia maji ya deki na kelele za kuburuta. Kazi ya dakika kumi, na watoto wanaipenda.

Kwa nini habari hizi zinazidi kuwa na uzito? Sababu moja ni bei ya mbao. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na ingawa Rais William Ruto alitangaza Julai 2023 kwamba marufuku hiyo imeondolewa, aliyewahi kununua mbao katikati ya miaka hiyo anakumbuka. Sababu nyingine iko Gazi. Pale wanakijiji, kupitia Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 za mikoko na tangu 2013 wanauza hewa ukaa inayohifadhiwa humo; pamoja na hayo hupanda mivinje ili watu wapate nguzo na mbao bila kugusa mikoko. Boriti ya mkoko iliyotoka kwenye paa la nyumba iliyobomolewa, kwa hiyo, si kitu cha kuchomea ugali. Ikatwe vipande, ipigwe msasa, iwe miguu ya meza au rafu. Ni ngumu, mchwa wanaiogopa, na kuipata nyingine si rahisi.

Tumebakiwa na dakika chache. Aliyesikiliza tangu mwanzo anajua neno lenyewe, aseme na jirani. Pindua. Halafu tikisa, tandaza karatasi ya bungua, ng'oa kutu, tia gundi, kaza kwa kamba au mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa ukanda, uache usiku mzima. Mpira huo unashinda vibano vya dukani kwa kiungo cha mguu wa kiti, kwa sababu unazunguka popote na unavuta sawasawa. Rangi isubiri wiki ijayo, na inaweza kuonekana kwamba haitahitajika kabisa: mvule uliosafishwa na kupakwa mafuta hauna haja ya kuvaa nyeupe.

Kipindi kijacho, panapo majaliwa, tutashuka kwenye magodoro na mito, ile pamba ya msufi na namna ya kuifumua. Aliye na mto wa msufi wa zamani autafute.

Na kwa yule aliyeinuka katikati ya mazungumzo akaenda kuipindua meza yake uani, maana wapo: mawingu yameanza kujikusanya upande wa Shimba Hills. Iingize barazani kabla gundi haijalowa.